Ngozi ya Mbuzi Kifuani Kwangu

Ukiambiwa umepona na wewe mwenyewe hujisikii kupona, usione haya kubisha. Mimi niliona haya, na haya hiyo nusura inipeleke kaburini nikiwa na cheti cha afya njema mfukoni. Ndiyo maana nimeketi kuandika, ingawa mke wangu anasema jambo lenyewe ni la kutuaibisha ukoo mzima, hasa upande wa kwao.

Miaka ya hamsini ilikuwa bado michanga, nami nilikuwa fundi pampu katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Pampu zetu zilikuwa zinavuta maji kutoka chini ili wachimbaji wasiogelee kazini. Kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza. Nilikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Ncha yake naiweka kwenye chuma cha pampu, mpini naugandamiza sikioni, halafu nafumba macho. Beringi, ile pete ya chuma inayobeba mzunguko wa pampu, ikiwa nzima huvuma. Beringi inayotaka kufa husaga na kukwaruza. Wenzangu walinicheka, wakasema Baba Masanja anaongea na vyuma, lakini pampu zangu zilikuwa hazizimiki ovyo.

Ugonjwa ulikuja na mvua za kwanza. Nilinyeshewa nikitoka kazini, nikalala na baridi, nikaamka na kichomi ubavuni kushoto. Nilidhani nimelalia jiwe. Siku ya pili nikawa napumua nusu nusu. Siku ya tatu nilishindwa kuinama kufunga viatu, na Kabula, mke wangu, akanikuta nimekaa nimeshika kiatu kimoja mkononi, natetemeka, namwambia kwamba niko sawasawa kabisa. Alinipakia nyuma ya baiskeli ya jirani akanisukuma mpaka zahanati ya kambi.

Benchi la kungojea pale zahanati nalikumbuka kuliko nyumba niliyozaliwa. Mtu wa mwanzo akiitwa, wote tunasogea kwa makalio, kila mmoja anakalia joto la mwenzake. Kwa mtu mzima ni jambo dogo. Kwa mwenye kichomi kila kusogea ni kuchomwa mkuki. Tulikuwa watu kumi na mmoja, nami nilikuwa wa kwanza kutokea mwisho.

Aliyekuwa anatutibu alikuwa Dresa Petro, msaidizi wa daktari, kijana mwembamba mwenye kaptura iliyonyooshwa hadi ungeweza kukatia nyanya kwa mkunjo wake. Daktari mkubwa alifika kwa gari mara moja moja, barabara ikiruhusu. Siku nyingine zote Petro ndiye alikuwa daktari, nesi, mfamasia na hakimu wa magomvi ya vitanda. Baba yake alikuwa mtengeneza ngoma huko Ibadakuli, jambo ambalo alipenda kulitaja, na lina maana katika habari hii.

Ule mpira wa kusikilizia kifua, ambao leo vijana wanauita stetoskopu, una kisahani mbele chenye utando mwembamba. Utando wa mpira wa Petro ulipasuka wakati wa kiangazi. Aliandika barua ya kuomba mwingine, hakujibiwa. Basi akafanya kama alivyofundishwa na baba yake: akachukua ngozi ya mwanambuzi, akaikwangua mpaka mwanga ukapita, akaiwamba kwenye kile kisahani na kuikaza kwa uzi. Kiangazi chote ulisikia vizuri ajabu. Aliwaonyesha watu kwa majivuno, nasi tukamsifu, kwa sababu kweli ilikuwa kazi safi.

Siku niliyofika mvua ilikuwa bado ya kubahatisha. Petro aliniwekea ngozi ile mgongoni, akasikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akasimama.

"Baba Masanja, kushoto huku chini kuna mtu anakaanga bisi."

"Ni mimi?"

"Ni wewe. Vua shati, unalazwa."

Nikaanza kuhesabu siku kwa sindano. Za asubuhi nilichomwa tako la kulia, za jioni la kushoto, na baada ya sindano ya kumi nikawa sina upande wa kukalia wala wa kulalia. Niliisha mwili. Suruali yangu ya kazi ilinizunguka mara moja na nusu. Mbavu zangu zilihesabika kwa mbali, na Mzee Athumani wa kitanda cha pili akazihesabu kweli, akatangaza jumla kila asubuhi kana kwamba huenda nyingine itaongezeka. Mzee huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Tabora, naye kifua kilimlaza njiani. Alikuwa akikohoa, kuku wa jirani wanatawanyika.

Juma la pili mama mkwe wangu akafika kwa lori, na kapu la michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, na jogoo aliyefungwa miguu. Hapa lazima nieleze kitu kwa wasiojua desturi zetu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, hawasemezani. Akimwona njiani, anakata kona hata kama kona haipo. Sasa mama huyu amekuja kuniuguza, na chumba chenyewe kina vitanda vinne na mlango mmoja. Kabula alitundika shuka kati ya kitanda changu na kigoda cha mama yake, likawa pazia. Chini ya pazia kulikuwa na ndoo ya maji. Mama mkwe aliongea na ile ndoo.

"Wewe ndoo," alisema siku ya kwanza, "mwambie mwenye kitanda anywe uji kabla haujapoa."

Ndoo haikusema kitu. Nikanywa uji.

Kutokana na ile ndoo nilijifunza mengi. Nilijifunza kwamba nilioa mapema, kwamba mgodi ni kazi ya fuko, na kwamba kwao mwanamume hakohoi mbele ya chakula. Nilijifunza pia kwamba mama mkwe mwenyewe hapumui kimya. Kila alipovuta pumzi kulitoka firimbi nyembamba, na alipoitoa ilitoka nyingine nene kidogo. Ukoo mzima walijua hivyo miaka na miaka, ila mwenyewe alikuwa hakubali. Ukimuuliza alisema ni kigoda kinalia. Mzee Athumani, mtu mgeni asiyejua mambo, alimpa pole ya kifua. Jioni ile hakupata michembe.

Basi mvua ikaanza kunyesha kweli kweli. Ilinyesha juma zima bila kupumzika, nguo hazikukauka, chumvi ikageuka maji kwenye kopo. Na katika juma lile lile, sisi wagonjwa wa Petro tulipona wote.

Alipita asubuhi na mpira wake shingoni, akaniwekea ngozi mgongoni. Ilikuwa ya baridi na laini kama sikio la ndama. Akasikiliza muda mrefu.

"Moyo nausikia kwa mbali, unakwenda. Kushoto kimya. Bisi zimekwisha. Safi!"

Akaenda kwa Mzee Athumani. Safi! Akaenda kwa mama mmoja wa kutoka njia ya Nyarugusu. Safi! Alifurahi mpaka akatuandikia vyeti kwa wino mwekundu. Mzee Athumani alimwambia, "Dresa, mimi nikikohoa nyumba inaitika," lakini Petro akamjibu kwamba hayo ni mazoea tu ya koo.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimeweka kiganja ubavuni na kusikia kitu kinakwaruza mle ndani, kama beringi iliyokauka mafuta. Maisha yangu yote nimekula kwa kujua mkwaruzo ule. Lakini ningesemaje? Yeye kasoma, kaptura yake imenyooshwa, kanisaidia tangu mwanzo. Nikaona nikibisha nitaonekana mvivu anayependa kitanda cha bure. Nikakunja cheti, nikaenda zangu.

Nyumbani mambo yakawa mabaya. Kabula hakuwa mkali, ila alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akipewa karatasi huiamini.

"Mtu mwenye cheti anakohoaje?" aliniuliza.

"Sijui. Nimekohoa tu."

"Baba Masanja, kama hutaki kurudi kazini, niambie mimi mkeo. Usinifiche kwa kikohozi."

Maneno yale yaliniuma kuliko kichomi. Nyuma ya ukuta ndoo ikaambiwa kwamba mwanamume aliyepona huonekana kazini. Kesho yake nikaenda kwenye pampu zangu. Nilidumu saa mbili tu. Nyapara alinikuta nimekaa chini nimekumbatia bomba, midomo imebadilika rangi, na kwenye leso yangu nilichotema kilikuwa na rangi ya kutu. Walinirudisha zahanati kwa toroli la mchanga, na mvua ikanijaza mle ndani hata nikafika nimeketi katika dimbwi. Kabula na mama yake walifuata nyuma na ndoo yao, na shuka likatundikwa tena mahali pake.

Petro aliweka ngozi ile mgongoni. Akasikiliza. Nilimwona usoni anataka kusikia kitu, hasikii.

"Kimya," alisema. "Safi. Labda ni uchovu. Upumzike kesho, keshokutwa urudi kazini."

Hapo niliogopa kufa. Naandika wazi, sikuogopa kidogo. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu yuko njiani, na nilijua nikirudi kwenye ile pampu mara nyingine toroli litanipeleka mahali pengine. Haya ikaniisha.

"Dresa," nikasema, "pampu iliyokuwa inakwaruza jana, leo ikinyamaza, mimi siandiki kwamba imepona. Kwanza nasafisha masikio."

"Unataka kunifundisha kazi yangu?"

"Nataka kuishi, Bwana Petro. Jaribu na hiki."

Nikamnyooshea bisibisi yangu. Nilikuwa nimeishika tangu kazini, sikuiachia hata kwenye toroli. Watu walicheka. Petro hakucheka, kwa sababu alikuwa mtu mwema chini ya zile pasi. Aliigeuza bisibisi, akaweka mpini ubavuni kwangu, akafunga ncha kwa kitambaa, akaiegemeza kwenye mfupa wa sikio lake. Nikavuta pumzi.

Uso wake ulibadilika.

"Bisi," alinong'ona. "Zimejaa sufuria."

Akachukua mpira, akasikiliza palepale. Kimya. Akachukua bisibisi. Bisi. Akasimama katikati ya chumba na bisibisi mkono mmoja na mpira mkono mwingine, hajui kipi ni cha fundi na kipi ni cha daktari. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, pamoja na zile firimbi mbili.

"Wewe ndoo. Muulize huyo mtoto wa mtengeneza ngoma. Siku ya mvua baba yake hupiga ngoma bila kuipasha moto?"

Petro aligusa ile ngozi kwa kidole. Ililegea, ikabonyea. Mtoto aliyekulia katikati ya ngoma alikuwa amesahau kitu ambacho kila mcheza ngoma Usukumani anakijua, kwamba ngozi ikinywa unyevu hulala, na haiamki mpaka ione moto.

Tulikwenda jikoni wote, mimi nikibebwa. Mpishi alisogeza sufuria. Petro aliushika mpira juu ya makaa, anaugeuza geuza, anagonga kwa kucha kama alivyofanya baba yake. Kwanza ngozi ilisema *du*. Kisha *tu*. Kisha ikasema *ti, ti, ti*, na hata Mzee Athumani, aliyekuwa amerudi na cheti chake akiwa na homa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Petro aliniwekea mgongoni ingali ya moto.

"Bisi!" akapiga kelele. "Yu mgonjwa! Yu mgonjwa kabisa!"

Sijawahi kuona watu wakifurahi hivyo. Mpishi alipiga makofi. Kabula alinikumbatia, akalia, akaniomba radhi kwa maneno ya kikohozi, nami nikamwambia yameisha. Mzee Athumani alivua kanzu upesi ili naye asikilizwe, na alipoambiwa kifua chake ni kibaya kuliko changu, akasema, "Alhamdulillahi, mimi si mwongo."

Petro hakufurahi na sisi. Alikwenda kusimama mlangoni akitazama mvua. Baadaye alipanda baiskeli akafuata tope njia ya Nyarugusu kumtafuta yule mama aliyempa cheti cha tatu. Alirudi siku ya pili amechafuka hadi nyusi, kaptura haina hata mkunjo mmoja. Yule mama alikuwa hai, anaumwa na amekasirika, na Petro alikuwa amemleta. Tangu siku ile nilimpenda yule kijana kama ndugu.

Sindano zikaanza upya. Lakini safari hii kulikuwa na utaratibu. Kila asubuhi Petro alipasha ngozi motoni, kisha kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote alikuja kwangu. Kifua changu kilijulikana: kushoto chini, bisi. Bisi zikisikika, mpira ni mzima, kazi inaanza. Zisiposikika, mpira unarudi jikoni. Nilikuwa kipimo cha kipimo. Nikijidai kidogo, ni haki yangu, maana zahanati nzima ilikuwa haiwezi kuanza kazi kabla sijavuta pumzi. Wewe unayesoma haya ukiwa umelazwa mahali, usiogope kumwomba anayekupima ajipime kwanza mwenyewe, au ampime mtu ambaye hali yake inajulikana. Hatakuchukia. Na akikuchukia utakuwa hai wa kuchukiwa.

Sindano zilifika idadi ambayo niliacha kuhesabu. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Mzee Athumani alishuka kitandani kwa miguu yake, akanihesabia mbavu mara ya mwisho, akasema sasa zinaanza kujificha, akapanda lori la Tabora. Yule mama wa Nyarugusu naye akaenda. Nikabaki peke yangu na pazia langu.

Mvua ikapumzika, jua likatoka, mtama ukawa magotini. Asubuhi moja Petro akapasha ngozi, akaniwekea mgongoni, akasikiliza.

"Sisikii bisi."

"Rudi jikoni," nikasema.

Akarudi. Akapasha mpaka harufu ya nyama choma ikaja wodini. Akasikiliza. Hakuna. Akachukua bisibisi. Hakuna. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuugua malaria, amemeza kwinini siku kadhaa, na masikio yalikuwa bado yanamlilia kama nyenje. Basi kulikuwa na mambo mawili tu. Ama nimepona, ama sikio la dresa limekufa, nami narudi kwenye pampu kufa na cheti cha pili. Kifua changu ndicho kilikuwa kinapima vingine, na sasa hapakuwa na cha kukipima chenyewe.

"Tunahitaji mtu mwenye kifua kibaya kinachojulikana," alisema Petro. "Nikimsikia huyo, basi masikio yangu mazima na wewe umepona. Lakini wagonjwa wote wameondoka."

Nyuma ya pazia zikasikika firimbi mbili, nyembamba na nene. Mimi nikatazama dari. Kabula akatazama pazia. Petro akafuata macho ya Kabula.

"Wewe ndoo," ikasema sauti, kali, "waambie mimi sina kifua. Ni kigoda."

"Mayu," Kabula akamwambia mama yake polepole, "huyu ni baba wa wajukuu zako. Na wa tatu huyu hapa tumboni. Nikimpeleka kazini kesho, nataka kujua nampeleka wapi."

Mwanamke yule alikuwa amezika mume, amelea watoto saba, hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba anaumwa. Hata mimi nilimwonea huruma.

"Haya," alisema mwisho. "Lakini mwenye kitanda ageukie ukutani."

Niligeukia ukutani nikafumba na macho juu ya hayo. Nikasikia kanga inalegezwa, Petro anasogea, mama mkwe anavuta pumzi.

"Firimbi!" Petro akasema. "Mbili! Kulia na kushoto! Nazisikia wazi!"

"Usitangaze sokoni," akasema mama mkwe.

Petro akaja mbio upande wangu. Kushoto chini: upepo tu, unaingia na kutoka. Kulia: upepo. Akarudia mara tatu. Kabula alikaa sakafuni akaanza kulia na kucheka. Mimi nililia nikiwa nimegeukia ukuta uleule, na nilifurahi kwamba heshima ya ukwe ilinipa mahali pa kufichia uso.

Kisha mama mkwe akauliza, bila kutaja ndoo wala mtu, kama na yeye angeweza kusikia. Petro alimvisha mpira masikioni, akapitisha kile kisahani chini ya pazia. Kabula akakipokea, akakiweka ubavuni kwangu, kushoto chini. Ngozi ilikuwa bado na joto la makaa na la mgongo wa yule mama. Nikavuta pumzi ndefu kuliko zote nilizopata kuvuta tangu mvua ianze. Nikaitoa. Nikavuta nyingine. Alisikiliza muda mrefu, mpaka Petro akaanza kujikuna.

Nikangojea ndoo iambiwe.

"Unapumua vizuri, baba," alisema.

Ndoo ilikuwa palepale chini ya pazia, imejaa maji, na hakuna aliyeikumbuka.